Sauti ya Mnyonge Sokoni: Remmy Ongala na Albamu ya Mwaka 1989

Mara nyingi muziki wa dansi hutajwa mimbarani kwa ajili ya kukemewa tu. Katika makala hii twataka kuusikiliza kwanza, ndipo tuuhukumu. Tumechagua albamu moja, Songs for the Poor Man, yaani "Nyimbo kwa ajili ya Maskini", ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila. Ilitolewa mwaka 1989 na Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, na kusambazwa na kampuni kubwa ya Virgin. Albamu hii ndiyo iliyomfikisha Ongala, mpigaji wa kumbi za Dar es Salaam, kwa wasikilizaji wengi wa Ulaya. Swali letu ni hili: je, sauti ya mnyonge ikiuzwa na mwenye mali, yabaki kuwa sauti ya mnyonge?

Swali hili si geni kwetu tunaoandikia Ntalikwa, karibu na Tabora. Nchi hii ilipitiwa na njia kuu ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu zilizotoka Manyema, kupitia Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, nao waliimba njiani. Kindu, mji alikozaliwa Ongala mwaka 1947, umo katika nchi hiyo ya Manyema, na Kiswahili kilienea huko kwa misafara hiyohiyo. Alipofika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, alirudi pwani na lugha ambayo zamani ilipita hapa kwetu ikielekea magharibi. Nyimbo zake nazo zikafuata mkondo wa pembe: toka bara hadi pwani, toka pwani hadi Ulaya. Tukumbuke kwamba mpagazi alipata ujira mdogo, na faida ilikaa mbali naye. Mtu wa Tabora akiushuku mkondo huo, ana sababu.

Shaka hiyo haikuwahusu Waafrika peke yao. Bendi ya Marekani iitwayo Green Day, yenye kupiga muziki wa punki, ilipojiunga na kampuni kubwa ya Reprise, ambayo mwaka 1994 ilitoa albamu yao Dookie, ilifungiwa mlango na ukumbi mdogo wa Gilman Street mjini Berkeley, uliokuwa umewalea. Kwa maana ukumbi ule haukupokea bendi za kampuni kubwa. Wengi wa wenzao waliwahesabu kuwa wasaliti. Lakini jambo la Ongala ni zito zaidi, kwa sababu neno lililoandikwa juu ya jalada ili kuvuta wanunuzi lilikuwa umaskini wenyewe.

Tukiri basi kasoro tunazoziona. Jina la albamu ni la Kiingereza, na nyimbo zenyewe ni za Kiswahili. Maskini aliyetajwa hakuweza kulisoma jina, na mnunuzi aliyelisoma hakuweza kuzielewa nyimbo. Wimbo uitwao "Nasikitika" unabebwa na magitaa yanayosemezana kwa uchangamfu. Msikilizaji wa Ulaya aweza kuucheza hadi mwisho asijue kwamba mtu analia. Katika albamu iliyofuata, Mambo, ya mwaka 1992, ziliingia nyimbo za Kiingereza. Hapo twaona mnunuzi ameanza kumchagulia mlalamikaji lugha ya kulalamikia.

Hata hivyo, hukumu yetu juu ya albamu ya 1989 si ya kuilaani. Pembe ikiuzwa hairudi tena kwa aliyeibeba. Bali wimbo ukiuzwa hubaki pia kinywani mwa mwimbaji, na jirani yake huusikia bure. Katika "Sauti ya Mnyonge" Ongala hasemi juu ya maskini kama mgeni aliyekuja kuwatazama. Asema kama mmoja wao, kwa Kiswahili cha vibarazani, na hakuipamba lugha hiyo ili impendeze mgeni. Mwenye kampuni alipata kuuza sauti, hakupata kuihamisha.

Wako ndugu watakaosema kwamba muziki huu hauna Injili ndani yake, na kwamba Ongala wa kusikilizwa na Wakristo ni yule wa miaka ya mwisho, aliyeacha dansi na kuimba nyimbo za dini hadi kufa kwake tarehe 13 Desemba 2010. Twaiheshimu safari yake ya imani. Lakini hoja hiyo twaiona kuwa pungufu. Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na kuishia gizani, wala hakuna mstari wa mwisho uliowekwa ili kutufariji; na Kanisa halikuitoa katika Biblia. Luther naye, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alifundisha kwamba mwanateolojia wa msalaba hulitaja jambo kama lilivyo. Kulitaja teso kwa jina lake si Injili kamili, lakini mhubiri asiyeweza kulitaja hana mahali pa kuisimamishia Injili yake.

Tuna sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mwaka 1990 Ongala aliimba "Mambo kwa Soksi", wimbo juu ya ukimwi na mipira ya kujikinga, na Radio Tanzania ilikataa kuutangaza. Twaweza kubishana juu ya dawa aliyoitaja. Lakini katika miaka hiyo wengi wetu tuliozika tulisimama kaburini tukasema "ameugua muda mrefu", kisha tukafungua kitabu cha nyimbo. Mwanamuziki wa ukumbi wa pombe alitaja mbele ya watu yale ambayo sisi tuliyapita kimya mbele ya wafiwa. Hapo aliyehukumiwa si yeye.

Basi twawasihi watumishi wenzetu, na hasa wanafunzi wanaojiandaa kwenda sharikani: kabla ya kuandika hotuba ya mazishi, au ya Jumapili ambayo mkulima wa tumbaku amerudi nyumbani na deni badala ya fedha, msikilizeni huyu. Msikopi maneno yake. Jifunzeni kutokukimbilia faraja. Huko Dar es Salaam kuna kituo cha daladala ambacho watu wamekiita Sinza kwa Remmy. Kampuni haikukipa jina hilo. Wamelitunza wasafiri wenyewe, wanaolitamka kila siku wanapotaka kushuka. Kwa ushahidi huo twaamini kwamba sauti ile ilikwenda sokoni, na ikarudi nyumbani.