Nusu ya Spidomita: Namna Ujerumani Ilivyoipima Adabu ya Barabara Kuu

Katika barabara kuu za Ujerumani ziitwazo Autobahn, ambazo kwa pamoja zina urefu wa takribani kilomita 13,000, sehemu kubwa haina ukomo wa mwendo kisheria. Kuna mwendo unaopendekezwa tu, wa kilomita 130 kwa saa, uliowekwa mwaka 1978, na kwa sababu hiyo gari linalokwenda kilomita 90 na jingine linalokwenda 200 hukutana kila siku kwenye lami moja bila dereva yeyote kati ya hao wawili kuwa amevunja sheria. Pale ambapo mwendo wenyewe si kosa, mzigo wa usalama huangukia mambo mawili: leni ambayo dereva anaishika, yaani ule mkanda wa lami uliotengwa kwa mistari ili upitishe safu moja ya magari, na umbali anaouacha kati yake na gari lililo mbele. Mambo haya ni rahisi kuyaachia busara na malezi ya dereva. Ujerumani iliyachukua ikajaribu kuyaweka katika mita na sekunde, na namna kazi hiyo ilivyofanyika, pamoja na mahali ilipokwama, inastahili kuangaliwa kwa karibu na kila anayeumizwa na vifo vya barabarani.

Kanuni ya leni ndiyo msingi. Ujerumani magari hupita upande wa kulia, hivyo msomaji wa Kenya, Tanzania au Uganda hana budi kugeuza pande katika maelezo yanayofuata, ilhali wa Rwanda, Burundi na Kongo atayasoma yalivyo. Sheria inamtaka kila dereva akae kulia kadiri inavyowezekana, apite gari jingine kwa upande wa kushoto peke yake, kisha arudi kulia mara nafasi inapopatikana. Leni ya kushoto kabisa si makazi ya wenye magari makubwa, ni mahali pa kupitia. Kumpita mtu kwa kulia ni kosa, isipokuwa msongamano umeipunguza kasi ya leni za kushoto hadi zisizidi kilomita 60 kwa saa, ambapo wa kulia anaweza kusonga mbele kwa tofauti ya kilomita 20 tu na kwa uangalifu mkubwa. Faida yake ni kwamba dereva anayetaka kurudi kulia anajua hatari ya gari linalokuja kwa kasi itatoka upande mmoja, na macho yake hayalazimiki kugawanyika kati ya vioo vyote kwa wakati mmoja. Kanuni hii ikivunjwa na mmoja, hata kwa upole, huwaharibia wote walio nyuma yake, kwa kuwa anayekaa kushoto bila sababu huzalisha foleni fupi ya watu wasio na njia halali ya kumpita, na katika foleni hiyo ndimo anapozaliwa dereva wa kuganda nyuma ya wenzake.

Kuganda nyuma maana yake ni kumfuata mtu kwa umbali mdogo kiasi kwamba, aliye mbele akikanyaga breki ghafla, wa nyuma hana muda wa kutenda lolote. Sheria ya Ujerumani inaeleza wajibu huu kwa maneno ya jumla, kwamba umbali uwe wa kutosha kusimama hata kama gari la mbele litafunga breki bila kutarajiwa. Maneno hayo ni sahihi, lakini hakuna askari anayeweza kuyapima, wala dereva anayeweza kuyatumia akiwa kwenye usukani. Kwa hiyo shule za udereva na mahakama zilishika kipimo chepesi kinachojulikana kama nusu ya spidomita: namba inayosomeka kwenye spidomita igawanywe kwa mbili, na jibu lichukuliwe kuwa mita. Anayekwenda kilomita 100 kwa saa aache mita 50, na anayekwenda 130 aache mita 65. Hesabu hii inakubaliana na fizikia kwa namna ya kupendeza, kwa kuwa gari la kilomita 130 kwa saa hukata mita 36 kila sekunde, na mita 65 humpa dereva sekunde 1.8, wakati muda ambao mtu wa kawaida huhitaji ili aone, aamue na mguu ufike kwenye breki hukadiriwa kuwa sekunde 1. Aliyebakiza mita 15 katika mwendo huohuo amebakiwa na sekunde 0.4. Huyo, hata awe na breki bora kuliko zote, atapita mahali bampa la mwenzake lilipokuwa kabla mguu wake haujafika kwenye breki.

Kipimo hicho kisingefaa kama dereva asingekuwa na namna ya kukisoma barabarani, na hapa ndipo ubunifu mdogo wa wahandisi unapoonekana. Pembezoni mwa Autobahn husimama vigingi vyeupe vyenye mkanda mweusi na kiakisi mwanga, vilivyopandwa ili kuonyesha ukingo wa barabara usiku na wakati wa ukungu, na katika sehemu zilizonyooka kigingi hadi kigingi ni mita 50. Dereva anayekwenda kilomita 100 kwa saa huangalia gari la mbele linapofika kwenye kigingi. Ikiwa yeye wakati huo hajakifikia kigingi kilichotangulia, umbali wake unatosha, na kama amekwisha kukipita, amesogea mno. Kwa namna hiyo kipimo cha kisheria kimepandwa ardhini, kinasomwa bure na kila mtu, bila kifaa chochote ndani ya gari.

Adhabu nazo zilijengwa juu ya msingi huohuo, na pengine hapa ndipo pana fikra nzuri kuliko zote katika mfumo huu. Orodha ya faini haitaji mita. Inataja sehemu za kumi za nusu ya spidomita, ili kosa likue pamoja na mwendo. Dereva anayezidi kilomita 80 kwa saa huanza kuadhibiwa vikali umbali wake unapopungua chini ya sehemu 5 za kumi za nusu hiyo, kwa faini ya yuro 75 na pointi 1 katika rejesta ya makosa ya madereva iliyoko mji wa Flensburg, na anayefikisha pointi 8 hunyang'anywa leseni. Anayekwenda kilomita 120 kwa saa, kwa mfano, anatakiwa kuacha mita 60. Chini ya mita 30 anaingia katika faini hiyo, na chini ya mita 18, yaani sehemu 3 za kumi, faini inapanda hadi yuro 160, pointi zinakuwa 2, na anazuiwa kuendesha kwa mwezi mzima. Chini ya sehemu 1 ya kumi, zuio ni la miezi 3. Kwa wanaozidi kilomita 130 faini ni kubwa zaidi na hufikia yuro 400. Itazamwe jinsi sheria ilivyoacha nafasi ya katikati: kati ya mita 60 zinazotakiwa na mita 30 hizo kuna ukanda ambao dereva anakosea lakini hatozwi zaidi ya faini ndogo ya onyo, isiyo na pointi.

Kupima ndiko kulikohitaji ustadi. Askari anayefuata kwa gari huona umbali kwa pembe mbaya na makadirio yake hupingwa mahakamani kwa urahisi, hivyo polisi walihamia juu ya madaraja yanayovuka barabara kuu. Kamera huwekwa darajani ikielekea magari yanayokuja, na kwenye lami chini yake huchorwa mistari mifupi ambayo umbali kati yake umepimwa mapema kwa vifaa vya upimaji wa ardhi. Kila picha ya video hubeba saa iliyohakikiwa, na kwa kulinganisha nyakati ambazo magurudumu ya gari la kwanza na la pili yanakanyaga mistari hiyo, mwendo na umbali wa magari yote mawili hupatikana kwa hesabu ya kawaida. Mistari peke yake haikutosha, kwa maana kipande kifupi cha lami kinaweza kumwonyesha mtu asiye na hatia akiwa karibu mno, ama kwa sababu gari jingine limejichomeka mbele yake sasa hivi, ama aliye mbele ameachia mafuta ghafla. Kamera kwa hiyo hutazama mamia ya mita kabla ya kufika kwenye mistari, ili ionekane kama ukaribu ule ulidumu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Hamm ilitaja kiwango cha kudumu huko: zaidi ya sekunde 3, au zaidi ya mita 140. Hapo sheria ilikubali jambo ambalo kila dereva mzoefu analijua, kwamba kosa la kuganda nyuma halipo katika nukta moja ya wakati, lipo katika kukataa kurudi nyuma.

Kabla ya hukumu hiyo ya Hamm, mfumo huu mzuri ulikuwa umetikiswa na mahakama nyingine. Kamera za awali zilirekodi kila gari lililopita, sura na namba za usajili zikionekana, na waliokosea walichambuliwa baadaye. Tarehe 11 Agosti 2009 Mahakama ya Katiba ya Shirikisho, katika shauri lililotoka jimbo la Mecklenburg-Vorpommern na lililohusu mwendo kasi uliopimwa kwa video ya namna hiyo, iliamua kwamba kuwarekodi watu wote bila kuwashuku kunaingilia haki ya mtu kuamua juu ya taarifa zake binafsi, na kwamba waraka wa wizara hautoshi kuhalalisha jambo kama hilo pasipo sheria ya bunge. Polisi walirekebisha utaratibu: kamera moja hutazama barabara kwa picha hafifu isiyomtambulisha mtu, na ya pili, yenye kuona sura na namba, huwashwa pale tu dalili ya kosa inapojitokeza. Mwaka 2010 mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba picha inayopigwa kwa sababu ya shuku mahususi ina msingi katika sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai. Usumbufu huo haukuwa hasara hata kidogo, kwani dola inayomtaka raia aheshimu umbali wa mwenzake inapaswa yenyewe kulazimishwa kuuheshimu umbali wake na raia.

Liko daraja la kosa ambalo faini hailiwezi. Mwezi Julai 2003, kwenye barabara ya A5 karibu na Karlsruhe, mama wa miaka 21 na bintiye wa miaka 2 walifariki baada ya gari lao kuacha barabara na kugonga miti, na mahakama ikaridhika kwamba mama huyo alitaharuki kwa sababu gari jingine lilimjia nyuma kwa kasi kubwa mno na kumkaribia kupita kiasi, ingawa magari hayo mawili hayakugusana. Dereva yule alihukumiwa mwaka 2004 kwa kusababisha kifo kwa uzembe, kwanza kifungo cha mwaka mmoja na nusu, na katika rufaa mwaka mmoja uliositishwa. Mbali na kosa hilo, anayemganda mtu kwa muda, akimwashia taa kubwa na kumpigia honi ili amlazimishe kupisha, anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai la kumshurutisha mtu, ambalo adhabu yake hufika miaka 3 jela. Kuwasha taa mara moja kwa kifupi nje ya miji ni halali, kwa kuwa sheria inakuhesabu kuwa taarifa ya nia ya kupita.

Kwa upande wa anayegandwa, sheria imemnyima silaha ambayo hasira humshawishi kuitumia: aliye mbele haruhusiwi kufunga breki kwa nguvu bila sababu ya lazima, na akifanya hivyo ili kumfundisha adabu wa nyuma, yeye ndiye anageuka mshtakiwa. Kinachomsaidia ni kuachia mafuta taratibu na kuongeza nafasi iliyo mbele yake, ili kama kutatokea jambo apunguze mwendo polepole kwa niaba ya wote wawili, kisha aingie kulia nafasi ya kweli inapofunguka, bila kujibana kati ya malori kwa hofu.

Malori yalitungiwa hesabu yake. Gari linalozidi tani 3.5 lazima liache angalau mita 50 kwenye Autobahn linapokwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na lori linalompita mwenzake kwa tofauti ndogo ya mwendo, likaziba leni ya kushoto dakika kadhaa, liliwekewa mpaka na Mahakama ya Hamm mwaka 2008: tofauti iwe angalau kilomita 10 kwa saa, na kupita kusizidi sekunde 45.

Panapobaki pengo ni kwa dereva wa gari dogo anayekaa katikati. Kwenye barabara yenye leni 3 upande mmoja, sheria inamruhusu kubaki leni ya kati mfululizo mradi leni ya kulia iwe na gari hapa na pale, na haisemi hapa na pale ni mita ngapi. Faini ya anayewazuia wengine kwa kutokaa kulia ipo, yuro 80 na pointi 1, lakini hakuna mistari ya lami wala saa ya kamera inayolihesabu kosa hilo kama inavyohesabiwa kosa la aliye nyuma yake. Mganda nyuma amepimwa hadi sehemu ya kumi, na anayemzalisha amebaki mikononi mwa macho ya askari aliyebahatika kuwa karibu. Kazi ya kumtafutia huyu wa pili kipimo, kwa mfano idadi ya sekunde ambazo leni ya kulia imekuwa tupu pembeni yake, haijafanywa, ingawa picha zinazohitajika kwa kazi hiyo zinapita kila siku mbele ya kamera zilezile za darajani.