Alipoweka Ramani Chini: Picha za Mwisho za Charles Rennie Mackintosh

Mwaka 1923 Charles Rennie Mackintosh, msanifu majengo kutoka Glasgow huko Uskoti, alihamia kusini mwa Ufaransa pamoja na mkewe Margaret, ambaye naye alikuwa msanii. Alikuwa na umri wa miaka 55. Alikwisha kujenga Shule ya Sanaa ya Glasgow, kazi ya awamu mbili iliyoanza 1897 na kumalizika 1909, ambayo wanafunzi wa usanifu huisoma hadi leo ingawa moto uliiunguza mwaka 2014 na tena 2018. Alikwisha kujenga nyumba za watu wenye uwezo, na kanisa moja, Queen's Cross, lililokamilika 1899. Sasa hakuwa na mteja. Akachukua karatasi na rangi za maji, na kwa takriban miaka minne akachora pwani na milima ya huko, picha kama arobaini hivi. Hakujenga tena.

Naomba tusiigeuze habari hii kuwa ushuhuda. Tunajua jinsi unavyokwenda: ndugu anasimama mbele ya usharika, anaeleza mlango mmoja ulivyofungwa na mwingine ulivyofunguka, tunaitika, anakaa. Maisha ya Mackintosh hayakai vizuri katika umbo hilo. Alishindania kazi ya kujenga kanisa kuu la Liverpool, akaikosa. Wateja walipungua, pombe ikamzidi, na mwaka 1913 akaachana na wenzake wa ofisini. Mwaka 1914 yeye na Margaret walikwenda kukaa katika kijiji cha Walberswick, pwani ya mashariki ya Uingereza, akawa anachora maua. Vita ikazuka, na wanakijiji wakamshuku kuwa mpelelezi wa Wajerumani, kwa sehemu kwa sababu ya matembezi yake ya jioni. (Mtu anayetembea jioni bila shughuli inayoeleweka hutiliwa shaka hata kwetu.) Kwenye michoro ile ya maua kuna kisanduku kidogo, na ndani yake herufi za majina ya wote wawili, mume na mke, ingawa mkono uliochora ni wa mume. Kisanduku hicho kinanigusa kuliko shuhuda nyingi nilizozisikia.

Sasa tuzitazame picha zenyewe. Port-Vendres, alikoweka kambi, ni bandari ndogo ya Bahari ya Mediterania karibu na mpaka wa Uhispania. Picha yake ya mwaka 1927 iitwayo The Rock, yaani Mwamba, inamsimamisha mtazamaji mbele ya jabali lililojaza sehemu kubwa ya karatasi. Jabali limegawanywa katika nyuso, kila uso na rangi yake na ukingo wake mkali, kana kwamba mtu amelipitishia timazi. Mji uko nyuma, ng'ambo ya maji, nyumba zake ndogo kama vibiriti. Katika Fort Maillert, ya mwaka huohuo, ngome imesimama juu ya jabali, na jicho linahitaji muda kujua jiwe la Mungu linaishia wapi na jiwe la fundi linaanzia wapi. Katika La Rue du Soleil, ya 1926, nyumba zimesukumwa juu ya karatasi, na chini yake ni maji yanayozirudisha zikiwa zimekatika mistari mistari. Msanifu aliyetumia maisha yake kuzuia maji yasiingie ndani ya nyumba sasa anayaacha maji yazivunje nyumba, na ni dhahiri kwamba anafurahia.

Hizi ni picha za msanifu. Mchoraji mwingine angelilainisha jabali, angelitia ukungu kidogo na machweo. Mackintosh hana ukungu. Anachora jabali kama mtu anayejua uzito wake, aliyewahi kumlipa mtu kulibeba. Kwa hiyo nakataa kusema kwamba aliacha usanifu. Alichoacha ni swali la msanifu. Msanifu akifika kwenye kiwanja huuliza: hapa pataingia nini? Pale Port-Vendres, pengine kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, aliweza kukaa kutwa nzima akiuliza: hapa pana nini?

Na nani anajua uzito wa jabali kama mtu wa Mwanza? Tunajiita watu wa Jiji la Miamba. Jiwe la Bismarck hupigwa picha na kila mgeni, lakini miamba yenyewe hasa iko Mabatini, Bugarika na Igogo, ambako nyumba haiko juu ya jabali bali imejipenyeza katikati ya majabali. Fundi amepandisha kuta tatu, na ukuta wa nne aliukuta. Panda kivuko cha Kamanga jioni, kisha geuka utazame ulikotoka: mlima mzima ni Fort Maillert, isipokuwa ngome yetu ina mabati na nguo zilizoanikwa. Tumeishi ndani ya picha hiyo tangu utoto, na sidhani kama wengi wetu tumewahi kuitazama.

Kamati zetu za ujenzi huliona jabali kwa namna mbili tu: ni kikwazo, au ni kokoto. Linachomwa moto, linapasuliwa, linahesabiwa kwa tripu. Sisemi kanisa lisijengwe. Lakini kule Bujora, Kisesa, Padre David Clement na Wasukuma aliofanya nao kazi walionyesha kwamba jengo la ibada laweza kuanza kwa kutazama: nyumba ya mviringo ya Kisukuma na alama za utemi viliingia kanisani kwa sababu mtu alikaa kwanza akaviangalia kwa heshima. Majengo yetu mengi ya leo hayakuanza hivyo. Yalianza na ramani iliyokuwa tayari imejenga kanisa jingine mahali pengine.

Katika sura ya kwanza ya Mwanzo, Mungu hangoji siku ya saba ndipo atazame. Anatazama njiani, kazi ikiwa haijaisha, mbingu zikiwa bado hazina nyota. Sisi hutazama siku moja tu, siku ya uzinduzi utepe unapokatwa, na hata hapo tunachotazama ni majina yaliyoandikwa kwenye jiwe la msingi. Halafu kuna Bezaleli. Wahubiri wetu humpenda sana wakati wa harambee, kwa kuwa Roho wa Mungu alimjaza kwa ajili ya kazi ya mikono. Ni nadra kuwasikia wakiendelea na sura hiyohiyo ya 31 ya Kutoka, ambamo maagizo ya hema yanafuatwa palepale na agizo la Sabato. Mafundi wale waliambiwa siku ya kuweka zana chini kabla hawajaanza kazi.

Nayasema haya kwa sababu ya wastaafu wetu. Mhandisi, mpima ardhi au mchora ramani akistaafu, haipiti miezi miwili kabla hajaingizwa kwenye kamati ya ujenzi, na tunaiita heshima. Akisema hapana, nataka kuchora ziwa, tutauliza kama mafao yametoka. Tunamwona kama mtu aliyeshuka: jana alisimamia ghorofa, leo ana kikopo cha maji na brashi. Ulimwengu ulimhukumu Mackintosh vivyo hivyo. Alirudi London mwaka 1927 akiwa mgonjwa wa saratani na akafa Desemba 1928. Margaret alipofariki mwaka 1933, vitu vyote vilivyokuwamo kwenye studio zao, picha zikiwemo, vilithaminiwa kuwa pauni 88, shilingi 16 na peni 2. Leo makumbusho hulinda picha hizohizo kama mboni ya jicho. Sitaki kumfariji mstaafu kwa habari hiyo. Picha ya mzee wa usharika wetu huenda isifikishe hata shilingi elfu kumi milele, na bado ningemshauri aichore.

Lakini nina ugomvi na Mackintosh, na ni ugomvi wa imani. Picha zake za Ufaransa hazina watu. Port-Vendres ilikuwa bandari yenye wavuvi, wachuuzi na watoto. Kwenye karatasi zake kuna madirisha mengi na hakuna anayechungulia. Wapo wanaosema huo ndio utulivu wake. Mimi naona uchovu wa mtu aliyeumizwa na wateja, akaamua kuwaondoa wanadamu wote pamoja nao. Ninauelewa, ila siwezi kuusifu. Linganisha na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, ambaye mwaka 1959 alichora picha tano kubwa ukutani katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya. Kristo wake anazaliwa, anabatizwa na kusulubiwa katika vilima vya Wakikuyu, na watu wa vilima hivyo wamo. Kwa ufundi wa kuchora jiwe, Njau hamfikii Mackintosh. Kwa kujua jiwe hilo lina majirani, Mackintosh hamfikii Njau.

Ningependa kumwona mmoja wa wastaafu wetu akijaribu kuyashika yote mawili. Akae chini ya jabali la Igogo saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali, na alichore kwa ukali uleule wa The Rock, uso kwa uso, ukingo kwa ukingo, ziwa likiwa dogo nyuma yake. Mackintosh angefika hapo akaosha brashi. Ila chini ya jabali hilo ameketi mama mmoja na karai lake, mguu mmoja ameunyoosha, anagonga kokoto kwa nyundo fupi, na rundo lililo mbele yake lilikuwa sehemu ya jabali hilohilo mwezi uliopita. Naye achorwe.