Mashine Isiyokosea: Msamiati wa Hitilafu katika Kiswahili cha Kompyuta

Kinyarwanda huiita kompyuta mudasobwa, yaani asiyekosea. Kiswahili nacho kiliundiwa tarakilishi, kwa kuunganisha tarakimu na akili. Neno hilo lingali na watetezi wake Kenya, ilhali Watanzania wengi wamebaki na kompyuta na kuendelea na shughuli zao. Majina haya yanaisifu mashine. Upungufu wa msamiati hujitokeza pale mashine inapokosea.

Chukuliwe fundi wa Kanombe, jijini Kigali, anayejaribu Btrfs, mfumo wa faili ulioingizwa katika Linux mwaka 2009 ukiwa bado wa majaribio. Katikati ya kunakili faili, kompyuta inaacha kuitikia. Kwa Kiswahili atasema "imezima", "imekwama" au "imegoma", na katika mazungumzo ya kawaida yote matatu hupokelewa kama jambo moja. Kwa msanidi programu ni matukio tofauti. Programu moja ikikwama, huenda kiini cha mfumo kingali hai. Kiini kikijisimamisha, kinachobaki pengine ni maandishi yaliyoganda kwenye skrini. Data ikivurugika diskini, mashine yaweza kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Tena, kumbukumbu zinazohitajika hukaa katika kumbukumbu ya muda, na zisipowahi kuandikwa diskini hupotea kompyuta ikiwashwa upya. (Sentensi hiyo yenyewe ni ushahidi: kumbukumbu ya kwanza ni rekodi ya matukio, ya pili ni kifaa.)

Kitenzi cha hatari zaidi ni kurekebisha. Mtu hurekebisha mipangilio, hurekebisha insha, hurekebisha kosa. Amri ya ukaguzi ya Btrfs ina chaguo ambalo nyaraka zake zinaonya lisitumiwe bila ushauri wa msanidi au mtumiaji mzoefu, kwani laweza kuzidisha uharibifu. Likitafsiriwa "rekebisha", onyo limekwisha kufifia kabla halijasomwa. "Karabati", kitenzi cha nyumba na meli, angalau humkumbusha msomaji kwamba huenda kuna kitakachobomolewa.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba menyu za programu nzima zaweza kusomeka kwa Kiswahili. Kazi hiyo haipaswi kubezwa. Hata hivyo, menyu ni lugha ya kuamuru; ripoti ya hitilafu ni lugha ya kushuhudia: kilichofanywa, kwa mfuatano gani, kilichotarajiwa, kilichotokea. Sarufi ya Kiswahili imejaliwa nyenzo za ushahidi huo. "Nilipokuwa nikinakili, ikakwama" hubeba wakati, mwendelezo na mfuatano kwa viambishi -po-, -ki- na -ka- pekee. Kinachokosekana ni makubaliano kuhusu vitenzi vyenyewe.

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar. Kamusi ya TEHAMA itakayomfaa fundi wa Kanombe ianze na vitenzi vinne au vitano vya kushindwa, kila kimoja na fasili yake na mfano wa ripoti, kabla ya kuongezewa nomino mia nyingine.