Mafundi wa Kuziba Matundu

Ukitaka kumjua fundi hodari wa chumba cha seva, tazama nafasi tupu kwenye makabati yake. Pasipo na seva, pamezibwa kwa kibao chepesi cha plastiki. Kibao hicho ni cha bei ndogo sana, na katika vyumba vingi ndicho cha kwanza kusahauliwa.

Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva hutoka ukiwa joto. Feni zake huvuta hewa kwa mbele na kuitema kwa nyuma. Zamani makabati yalielekea upande mmoja yote, kama madawati darasani, hivyo kila safu ilivuta joto la safu iliyo mbele yake. Mwaka 1992 Robert Sullivan, aliyekuwa IBM, alipendekeza safu zitazamane uso kwa uso, kisha zipeane mgongo. Ukapatikana ujia wa baridi na ujia wa moto. Ukishaelezwa, unashangaa kwa nini wazo hilo lilichelewa.

Lakini hewa haiheshimu mchoro. Baridi inayopanda kupitia vigae vya matundu sakafuni hupenya kwenye mianya na kurudi kwenye kiyoyozi bila kupoza chochote. Joto nalo huzunguka juu ya kabati, au kupenya nafasi tupu isiyozibwa, na kurudi mbele, likaiunguza seva ya juu kabisa. Meneja mwenye pupa huona kipimo kimepanda, akaagiza kiyoyozi kingine. Fundi huchukua utepe mwembamba, akausogeza mwanya hadi mwanya akitazama unapopeperukia. Tundu la nyaya sakafuni huliziba kwa brashi nene. Nyaya zenyewe huzifunga pembeni zisizibe njia ya kutolea joto. Mwisho huweka milango na dari kwenye ujia, hewa hizo mbili zisikutane tena.

Ndipo hupandisha joto la hewa inayotoka kwenye viyoyozi, na hapa mpangilio wa kazi ni kila kitu: anayepandisha kabla ya kuziba ataichoma seva ya juu. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi, unapendekeza hewa ya nyuzi 18 hadi 27 mbele ya seva, ingawa wapo wanaoamini bado kwamba chumba kisichodai sweta hakiko salama. Baada ya hapo feni za viyoyozi hupunguzwa mwendo. Zikipungua kwa asilimia 20, umeme wake hushuka karibu nusu, na hiyo ndiyo zawadi kubwa ya vibao vile vya plastiki.

Siku hizi chipu za akili mnemba zina joto kiasi kwamba maji hupitishwa kwa mabomba hadi juu yake. Ni ufundi mwingine, wenye hofu zake za kuvuja. Makabati yanayopozwa kwa hewa bado ni mengi, na kazi yake haiishi, kwa sababu kila seva inayong'olewa huacha pengo jipya. Fundi ninayemsifu huja kuing'oa akiwa tayari na kibao mkononi.