Hongera kwa Walinzi wa Gladstone's Land
Mfanyabiashara Thomas Gledstanes aliinunua nyumba hii ya Edinburgh mwaka 1617, akaipanua mbele kuelekea barabara ya Lawnmarket na kuijengea matao ya mawe chini, mahali pa maduka. Ghorofa sita, kiwanja chembamba, wapangaji wa hali mbalimbali.

Kufikia 1934 ilikuwa ya kubomolewa. National Trust for Scotland, taasisi changa iliyoundwa 1931, ikaipokea. Katika ukarabati, juu ya dari za baadaye, yakaonekana maboriti na mbao zilizochorwa maua na matunda tangu 1620. Kama ingebomolewa, hazina hiyo ingekuwa kifusi kabla ya kuonwa. Walinzi wake wanastahili pongezi pia kwa kutoifanya makumbusho matupu: ghorofa za juu wageni hupanga na kulala.