Pikapu Inayolala Upande

Hilux ile ilipoingia gereji yetu ilikuwa imeshashushwa inchi 2 na inalala kulia. Mwenyewe aliapa kwamba kabla ya kushushwa ilisimama wima kama mlingoti. Sikumbishia, ila sikumwamini. Mwanzo, nafasi kati ya tairi na ukingo wa madigadi ilikuwa kama milimita 120, na katika uwazi mkubwa hivyo tofauti ya milimita 12 kati ya kulia na kushoto hupita bila kuonekana. Ondoa milimita 50, uwazi ubaki 70, na tofauti ileile sasa inakaribia sehemu ya sita ya kile unachokitazama. Kushusha gari hakukuleta upogo, kuliuanika tu.

Gereji iliyoishusha ilijaribu kurekebisha, na ndipo hadithi inapoanza kunoga. Hilux nyingi za kuvuta kwa nyuma za kabla ya Vigo ya 2004, kama ilivyo kwa Nissan Hardbody na Isuzu TFR, mbele hazina koili. Zina tosheni baa, yaani fimbo ndefu ya chuma kila upande. Ncha moja imeshikana na mkono wa sasipensheni, ncha ya pili imebanwa kwenye chasisi kwa kipande chenye bolti ya kurekebishia. Gurudumu likipanda, fimbo inajisokota, na huko kujisokota ndiko kunakobeba gari. Ukilegeza bolti gari linashuka, ukiikaza linapanda. Kazi ya dakika tano kwa spana moja, na urahisi huo ndio mtego wenyewe. Fundi ameona gari linainama kulia, akalala chini, akakaza bolti ya kulia mzunguko mmoja. Nilipohesabu meno ya bolti yaliyojitokeza kila upande, alama ya mkono wake ilikuwa pale.

Ila gari lilikuwa bado linainama.

Kabla ya kugusa chochote tulipima sakafu. Gereji nyingi zina sakafu iliyomwagwa kwa mteremko ili maji ya kuoshea yatoke mlangoni, na sakafu hiyo itakudanganya kila siku kwa uaminifu mkubwa. Tuliazima mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule mpira mwembamba unaoonyesha usawa wa maji ncha mbili, tukakuta upande wa kulia uko chini kwa milimita 9. Tukapanga vigae chini ya tairi mpaka sehemu nne zikawa sawa. Upepo wa tairi ukasawazishwa. Stabilaiza ikafunguliwa linki zake, kwa sababu chuma kile kazi yake ni kuunganisha kulia na kushoto, na ukipima kikiwa kimefungwa unapima ubishi wa pande mbili. Kisha gari likasukumwa mbele na nyuma mara kadhaa na kutikiswa kila kona, maana majani ya springi husuguana na kugoma kurudi mahali pake.

Vipimo tulivichukua kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Ukipima kutoka chini, tairi lililolika linaingia kwenye hesabu. Mbele, kulia kulikuwa chini kwa milimita 11. Nyuma, kwa 13.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Chasisi ni kipande kimoja. Inanyumbuka kidogo, ndiyo maana 11 na 13 hazikulingana, lakini ikilala nyuma italala na mbele, hata kama mbele hakuna kosa lolote. Kwa kutazama tu huwezi kujua ni ekseli ipi inayoinamisha. Ni meza ya miguu minne: mguu mmoja ukiwa mfupi, kinachoyumba ni meza nzima.

Namna ya kuzitenganisha ni ya zamani na haihitaji mashine. Weka jeki katikati ya ekseli ya nyuma, chini ya difu, unyanyue mpaka tairi zote mbili za nyuma ziachane kidogo na sakafu. Stendi ziwe karibu chini ya chasisi bila kuigusa, kwa usalama. Sasa ekseli ya nyuma imekaa juu ya nukta moja, inaweza kubembea huku na huku, kwa hiyo springi za nyuma hazina tena sauti juu ya ulalo wa gari. Unachokiona ni uamuzi wa mbele peke yake. Kisha unageuza: jeki katikati ya boriti ya mbele, nyuma ndiyo iamue.

Jeki ilipokuwa nyuma, gari liligeuka. Kulia kukawa juu kwa milimita 6. Jeki ilipohamia mbele, kulia kukawa chini kwa milimita 30. Hesabu ikajieleza. Mbele inasukuma 6 kwenda juu, nyuma inavuta 30 kwenda chini, zinakutana njiani kwenye 12, katikati ya ile 11 na 13. Kama bolti isingeguswa kabisa gari lingelala 15. Ule mzunguko mmoja ulipandisha mbele milimita 6 na kupata faida ya 3, nusu yake, kwa sababu nyuma ilikuwa inabisha. Ili kulisimamisha gari kwa bolti ya mbele pekee ungehitaji mizunguko mitano.

Na kama ungeifanya? Gari lingeonekana limenyooka, mwenyewe angelipa na kuondoka anatabasamu. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike vizuri. Springi fupi ya nyuma kulia haibebi sehemu yake ya mzigo, na kwa mshazari inaipunguzia uzito pia tairi ya mbele kushoto. Uzito huo unahamia mbele kulia na nyuma kushoto. Sasa kaza tosheni baa ya mbele kulia: unaongeza uzito pale pale mbele kulia na nyuma kushoto. Kwa jicho makosa mawili yanapingana, ila kwa uzito yanasaidiana. Mwenye gari alikuwa ameshalalamika kwamba akikanyaga breki barabara ikiwa na maji, tairi ya mbele kushoto inafunga kabla ya nyingine. Alidhani ni pedi. Nahodha asingefanya hivyo: jahazi likilala upande anakwenda kuangalia farumi, hakazi kamba za tanga mpaka mlingoti uonekane wima.

Tukaenda nyuma. Katika Hilux hii ya kuvuta kwa nyuma tu, springi inapita chini ya ekseli, kwa hiyo bloku ikiingia kati yao chasisi inashuka. Gari ambalo springi yake inakaa juu ya ekseli, bloku hiyohiyo ingelipandisha, na nimeshaona mtu akinunua bloku kabla ya kuinama kuangalia. Bloku zilizotumika kuishusha, ya kulia na ya kushoto, zilikuwa na unene sawa. Vichwa vya senta bolti vilikuwa vimekaa ndani ya matundu yake. Ilibaki springi.

Springi mbili zinaweza kutofautiana kwa njia mbili, na tiba si moja. Inawezekana moja imelegea tu, mkunjo wake umepungua. Au moja ina ugumu tofauti, jani limepungua au kuongezwa. Tuliweka mifuko sita ya saruji, kilo 300, mitatu kila upande juu ya ekseli. Ugumu ukitofautiana, ulalo unakua kadiri mzigo unavyoongezeka, na hakuna kipande utakachoweka kikafaa gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Ulalo ulitoka 12 ukawa 13. Ni mkunjo, basi. Springi zilipotolewa na kulazwa sakafuni, ya kulia ilikuwa fupi kwa milimita 23. Ile 30 ya kwenye madigadi ni hii hii, ila springi ziko ndani zaidi ya magurudumu, hivyo kosa linakuzwa likifika nje. Mwenyewe ndipo akakumbuka kwamba jani la kushoto liliwahi kukatika, akabadilisha springi nzima ya upande huo peke yake.

Kuna waliopendekeza bloku nene zaidi kushoto. Kwa milimita tano ningekubali, lakini si kwa 23. Kuigonga springi ya zamani ikiwa baridi sikutaka kabisa, kwani baada ya miezi michache hurudi kulala. Tulinunua jozi, na yubolti mpya nazo, kwa sababu za zamani zilikuwa zimeshavutika.

Kufunga kuna siri moja ndogo. Bolti za bushi usizikaze gari likiwa linaning'inia. Mpira wa bushi ukibanwa hapo unajisokota gari linaposhuka na kugeuka springi ya ziada, upande mmoja unabaki juu kwa wiki kadhaa mpaka mpira uchanike. Shusha kwanza, tikisa, ndipo ukaze. Bolti ya mbele kulia tuliirudisha mzunguko wake mmoja. Jeki chini ya difu ikaonyesha mbele iko sawa.

Kitu kingine kilichosahaulika wakati wa kushusha ni vali ya breki za nyuma, ile inayopima mzigo kwa mkono uliofungwa kwenye ekseli. Chasisi ikiwa chini, vali inadhani gari limepakia na inatoa nguvu zaidi nyuma, kwa hiyo mkono ule ulirekebishwa. Alaimenti ikaja mwisho kabisa.

Likiwa tupu, kulia kulikuwa juu kwa milimita 2. Mwenyewe alipoketi kwenye usukani, kulia kukawa chini kwa 5. Hapo tu ndipo nilipoigusa tena bolti ya mbele kulia, robo mzunguko, maana dereva ni mzigo wa kudumu na anakaa karibu na mbele. Hata Toyota wenyewe waliweka koili zisizolingana kulia na kushoto kwenye Land Cruiser 80. Kulia kukabaki chini kwa 4. Mwenyewe alitaka niimalize iwe sifuri. Nikamwambia amwite mwenzake aketi kushoto, tupime tena.