61,741,120: tamu kwenye daftari, ya kuangalia kwenye mipango

Chukua kalamu. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120. Ivunje namba hiyo mpaka zibaki namba tasa tupu, utapata 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641. Kwa mpenda hesabu, kuiona 641 humo ni kama kukutana na staa wa mpira pale Kibaoni ananunua mchele. Ndiyo kigawo alichokitumia Euler mwaka 1732 kuonyesha kwamba 4,294,967,297, ambayo Fermat aliidhania tasa, si tasa.

Halafu tazama tarakimu nne za mwanzo: 6174, namba ya Kaprekar, mwalimu wa shule kule India. Andika mwaka wa sensa, 2022. Panga tarakimu zake kuanzia kubwa, utoe zile zile zikianza ndogo: 2220 − 0222 = 1998. Rudia: 9981 − 1899 = 8082. Tena: 8820 − 0288 = 8532. Tena: 8532 − 2358 = 6174. Hapo umenasa, maana 7641 − 1467 ni 6174 ile ile.

Tamu, eh? Sasa ngoja niimwagie maji.

Ongeza mtoto mmoja tu, aliyezaliwa Kibaoni dakika moja baada ya saa sita usiku wa kuamkia Agosti 23, akaachwa nje ya hesabu. Tumekuwa 61,741,121. Vigawo vile vyote vimeondoka, 641 ikiwemo, imeingia 13. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo tasa cha pamoja, kamwe. Na mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923, yaani tumeongezeka kama watu 4,600 kila siku, mmoja kila sekunde 19 hivi. Hata kama makarani hawakumruka mtu, 641 tulikuwa nayo kwa sekunde hizo tu.

Na 6174? Kosa la mtu mmoja kwa kila elfu ni watu kama 61,700. Tarakimu za mwanzo zingeweza kuwa 6168 au 6180. Kinachosimama ni "karibu milioni 62".

Kwenye jedwali sina ugomvi na tarakimu zote nane. Bara na Zanzibar lazima zijumlike. Ugomvi wangu ni pale zinaposomwa kama vile kila moja ina uzito sawa. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku ule. Agosti huku Kilombero ni kiangazi, mpunga umeshavunwa, watu wako majumbani. Mvua zikianza, kaya nyingi huhamia mashambani bondeni kwa miezi. Ukiipangia zahanati dawa za malaria kwa hesabu ya Agosti, mgonjwa wa Machi utamkuta kwingine kabisa, na hapo kilichokosewa si tarakimu ya mwisho, ni ya kwanza.

Ndiyo maana mimi huvutiwa zaidi na hesabu za Taasisi ya Afya Ifakara, ambazo hakuna anayezitafutia vigawo. Tangu 1996 watu wake wamekuwa wakirudi kwenye kaya zile zile, mara kadhaa kwa mwaka, kuuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama.